Sentensi Iliyofuta Sauti za Wazee

Iko siku moja ambayo bado hunijia, mwanangu, hata nikiwa nachambua mchele, nikajikuta mikono imesimama. Ilikuwa Jumatano asubuhi, hapa hapa Bagamoyo. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, sijaolewa, nina kazi ambayo mama yangu hakujua namna ya kuwaeleza majirani. "Rehema yuko kwenye kompyuta," alikuwa akisema, na hapo maelezo yake yakaishia.

Kazi yenyewe ilikuwa kutunza sauti. Kulikuwa na chama kidogo cha watu wa mji huu walioona kwamba wazee wanaondoka, na kila anayeondoka anaondoka na mambo yake: Kikwere cha zamani, nyimbo za kupura mtama, majina ya miti ya dawa, habari za nani alifyeka pori gani hata likawa kijiji. Wakanunua kinasa sauti. Wakaenda Vigwaza, wakaenda Mapinga, wakakaa na wazee vibarazani na kuwaacha waseme wanachotaka kusema. Sauti zikaletwa katika chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa la Bwana Abeid, mwenyekiti wetu, nami nikawa nazitia katika diski moja, kila sauti na jina la mwenyewe.

Aliyelianzisha jambo hilo alikuwa Mzee Nassoro. Wewe hukumkuta. Alikuwa mkalimani wa mahakama aliyestaafu. Maisha yake yote alisimama kati ya hakimu na watu, anageuza Kiingereza kuwa Kiswahili, Kikwere na Kizaramo kuwa Kiingereza, na kurudi tena. Mkewe, Bi Tatu, Mkwere wa Vigwaza, ndiye mtu wa kwanza kabisa tuliyemrekodi. Alieleza jinsi bibi zake walivyokuwa wakificha mbegu wakati wa njaa, wasije wakazila kwa uchu, na alikuwa anajichekesha mwenyewe katikati ya maneno. Haukupita muda mrefu akafariki dunia.

Baada ya hapo Mzee Nassoro akawa anakuja kila Ijumaa akitoka msikitini. Nampa hedifoni, namfungulia sauti ya mkewe, kisha natoka nje nikajifanye nina shughuli dukani. Hakuniomba nitoke. Niliona tu kwamba hapo si mahali pangu.

Basi. Wiki ile diski ilianza kutoa mlio, kama mtu anayegonga ukucha juu ya meza. Baadhi ya sauti zikawa zinachelewa kufunguka. Nikampigia Deo, fundi aliyekuwa akitusaidia kutoka Dar, akasema yuko safarini, nimvumilie. Mimi moyo hautulii. Kila mlio ukigonga naona ni mzee mmoja anaondoka. Nikasema, walau nijue ugonjwa ni mkubwa kiasi gani.

Kompyuta ile ilikuwa na mfumo wa bure, ule wanaoupenda mafundi, na ndani yake mna kurasa za mwongozo kwa kila programu. Programu hizo unaziagiza kwa maandishi. Unaandika jina la programu, unaweka kistari, kisha herufi moja, na ile herufi ndiyo inayoiambia ifanye kazi yake kwa namna gani. Nikatafuta kwa Kiingereza maneno "sehemu mbovu za diski". Utafutaji ukanipeleka moja kwa moja katikati ya ukurasa mmoja. Palikuwa na mstari wa herufi n, unasema: onyesha tu kitakachofanyika, usiandike chochote. Chini yake palikuwa na mstari wa herufi c, unasema: kagua diski kama ina sehemu mbovu.

Nilipandisha juu nikaona kwamba programu yenyewe kazi yake ni kuandaa diski mpya, yaani kuifomati, ianze upya bila kitu. Hilo nililiona, sikufichi. Nikarudi kwenye ile mistari miwili, nikaisoma tena. Nikaona: programu hii ina namna yake ya kawaida, ambayo ni kufomati, na ina namna nyingine za upole, kama hii ya kuonyesha tu, na hii ya kukagua tu. Neno "tu" halikuwemo kwenye mstari wa pili. Niliona kama limo, kwa sababu mstari wa juu yake ulikuwa nalo. Nikasoma mara nyingine. Nilikuwa naogopa, na mtu anayeogopa husoma kwa makini.

Nikaandika ile amri, nikaweka kistari na herufi c, nikabonyeza.

Ilikagua kweli. Ilikagua kwa muda mrefu, namba zinapanda taratibu kwenye kioo, nami nimeketi nimefumbata mikono. Namba zilipofika mwisho nikangoja iniambie imeona nini. Badala yake ikaanza kuandika: naunda mfumo mpya wa mafaili. Kabla sijalielewa neno hilo, imekamilika. Haikuniuliza kama nina hakika.

Nilifungua diski. Haikuwa na kitu. Nikaifunga, nikaifungua tena, kama mtu anayerudi kutazama kabati akidhani hakutazama vizuri mara ya kwanza.

Nilikwenda mwenyewe nyumbani kwa Mzee Nassoro. Sikutaka asikie dukani. Nilimkuta barazani anafuma mkeka, kazi ambayo watu walimcheka kuwa ni ya wanawake, naye hakujali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso huo?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa sentensi moja tu, kwa sababu ya pili isingetoka. Alisimamisha mikono. Akauliza, "Zote?" Nikasema, "Zote." Akauliza, "Na ya Tatu?" Nikaitikia kwa kichwa. Akauweka mkeka pembeni, akatafuta kofia yake, ambayo ilikuwa kichwani, akaigusa, akainuka. Adhana ya adhuhuri ilikuwa bado. Alikwenda msikitini hivyo hivyo.

Siku iliyofuata chama kikakutana katika kile chumba. Bwana Abeid aliketi kwenye kiti chake, wajumbe wengine wakakaa kwenye marobota ya vitambaa. Mzee Nassoro alikuja, akaketi karibu na mlango. Niliona jinsi watu walivyokuwa wakimtazama yeye kwanza, kisha mimi, kisha sakafu. Sikungoja niulizwe.

"Bwana Mwenyekiti," nikasema, "kosa ni langu. Sikusoma vizuri. Nawaomba radhi nyote, na Mzee Nassoro namwomba zaidi. Kazi naiacha."

Bwana Abeid alishusha pumzi. Alikuwa mtu mwema, na watu wema hawapendi mikutano ya namna ile. "Alhamdulillahi," akasema, "binti amekiri mwenyewe, kwa uungwana. Binadamu hukosea. Sioni haja ya kumchimba zaidi. Tusome dua tufunge."

"Bado," akasema Mzee Nassoro.

Hakupandisha sauti. Akanigeukia. "Rehema, nitazame. Ulisoma au hukusoma?"

"Nilisoma, baba."

"Ulisoma ukiwa umesinzia? Ulisoma huku unaongea na mtu?"

"Hapana. Nilisoma na kurudia."

"Basi kwa nini umetuambia hukusoma vizuri?"

Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa, mwanangu. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

"Nimesimama pembeni ya kizimba tangu nikiwa kijana," akasema. "Nimeona watu wakikiri mambo ambayo hawakuyafanya, kwa kuwa wamechoka kutazamwa. Mimi nikawa nayatafsiri maneno yao kama yalivyo. Kazi yangu haikuwa kuwauliza. Nilikuwa narudi nyumbani chakula hakipiti. Leo hapa hakuna hakimu, kwa hiyo nitauliza. Tuonyeshe hiyo sentensi."

Nikawasha kompyuta, nikauleta ule ukurasa. Nikakosea kuandika, nikarudia. Mzee Nassoro akavaa miwani yake, akausoma wote, kuanzia juu mpaka chini, anatembeza kidole kwenye kioo, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Kisha akasema, "Bwana Abeid, wewe Kiingereza unakijua. Soma mstari huu na ule wa juu yake, kisha utuambie, mtu akiandika herufi hii, kutatokea nini."

Bwana Abeid akainama. "Itakagua diski," akasema.

"Kisha?"

"Kisha itatuambia ni nzima au ni mbovu."

"Na vilivyomo ndani?"

Bwana Abeid alitazama tena. Alitazama muda mrefu kuliko urefu wa mstari wenyewe. "Hapa havikutajwa," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, kwa sababu alikwisha kuona kwamba angekuwa yeye, angebonyeza.

"Aliyeandika alijua," akasema Mzee Nassoro. "Alijua kwamba programu hii, ukiiagiza ikague, itakagua kwanza kisha itafuta kama kawaida yake. Nusu ya maneno akayaweka hapa, nusu yakabaki kichwani mwake. Huyu binti amesoma yaliyopo. Hakuna msomaji anayeweza kusoma yaliyo kichwani mwa mtu."

Nikaanza kulia. Nilidhani ameniondolea lawama, nikaona huruma yake ni kubwa mno. Lakini hakuwa amemaliza, na alichofuatisha hapo ndicho kilichonikaa.

"Usilie kwa kufurahi, sijakusifia. Umetaka kutupa ushahidi wa uongo ili jambo liishe haraka. Umejibebesha kosa hili, na sisi tungelikubali, tungekwenda kula. Na ile sentensi ingebaki pale pale. Kesho ataisoma mtu wa Lindi, keshokutwa mtu ambaye hata Bagamoyo hajui iko wapi, naye ana sauti za mama yake kwenye diski. Yeye kukiri kwako kutamsaidia nini?"

Dukani huko mbele mteja alikuwa anauliza bei ya kanga na hakuna wa kumjibu.

"Lako lipo," akaendelea, sasa kwa upole, "ila ni jingine. Hatukuwa na nakala ya pili. Na hilo tuligawane, maana sote tuliketi hapa tukakubaliana diski ya pili isubiri. Kila mtu abebe lake, kwa kipimo chake. Kazi huachi. Unakwenda wapi na kazi haijaisha?"

Deo alikuja mwishoni mwa wiki. Jambo la kwanza aliuliza kama nimeandika kitu chochote kwenye diski tangu ifutwe. Nikamwambia sijaigusa, hata kuitazama naogopa. Akasema kwa hilo nimeziokoa sauti. Akatueleza kwamba kufomati kwa namna ile hakufuti kila kitu; kunaharibu tu mpangilio unaoieleza kompyuta kipi kiko wapi na kinaitwaje. Sauti zenyewe nyingi huenda bado zimelala humo. Akainakili diski yote kwanza, akaiweka ile ya asili kando, kisha akaanza kuzitafuta kwenye nakala. Zikaanza kurudi. Nilipiga kigelegele peke yangu, mpaka muuza duka akaja kuchungulia kuna nini.

Ila zilirudi bila majina. Kila moja ilikuwa na namba iliyopewa na programu ya Deo, namba isiyo na maana yoyote. Nilizozijua niliziandika upya, lakini nyingi zilirekodiwa kabla sijaajiriwa, na wengi wa wasemaji walikuwa wamekwisha kufa. Sauti ya mtu inasema, inacheka, inaimba, na hujui ni nani.

Ikabidi tuwaite watu waje kuwatambua wazee wao.

Mwanangu, sijawahi kuona jambo kama lile, wala sidhani nitaliona tena. Walikuja kutoka Vigwaza kwa basi, wengine kutoka Mapinga, wamevaa nguo za Ijumaa siku ambayo si Ijumaa. Tuliwapa mkeka, tukafungua spika. Alikuwepo bibi mmoja, Bi Mwanakheri, aliyeketi muda mrefu amefumba macho, sauti moja baada ya nyingine anatikisa kichwa. Ikafunguliwa moja ambayo hata haijasema neno, imekohoa tu. Akafumbua macho. "Huyo kaka yangu Omari," akasema. "Hasemi mpaka akohoe kwanza. Hata kaburini nadhani alikohoa." Watu wakacheka, naye akacheka, kisha akajifunika uso kwa mtandio na tukaizima spika kidogo tumngojee.

Siku nyingine koo mbili za Mapinga ziligombea sauti moja. Hawa wanasema ni babu yetu, wale wanasema ni wetu, unasikia jinsi anavyovuta maneno? Bwana Abeid akashindwa kuamua. Mzee Nassoro akasema, mwacheni aendelee kusema, atajitaja mwenyewe. Tukamwacha. Yule mzee akaeleza habari za shamba, akaeleza habari za mvua, kisha akamtaja mke wake wa kwanza kwa jina. Upande mmoja ukanyamaza ghafla. Mke huyo walikuwa hawamjui kabisa. Upande wa pili wakapiga makofi. "Huyo ndiye bibi!" Walioshindwa waliondoka wakicheka, ila mmoja wao alirudi mlangoni akaomba aisikilize tena, kwa sababu alisema hata kama si babu yake, anafanana naye.

Mzee Nassoro hakukosa hata siku moja. Aliwatafsiria wajukuu waliokulia Dar Kikwere cha babu zao, akasahihisha majina, akaandika tahajia. Na kila faili jipya likifunguliwa, kabla sauti haijasema, niliona bega lake linainuka kidogo, kisha linashuka. Sikuweza kumtazama. Nilikuwa natazama kioo.

Deo aliniita pembeni akanieleza. Sauti zilizorekodiwa mwanzo ziliwekwa mwanzoni mwa diski, na pale mwanzoni ndipo mfumo mpya ulipoandika mambo yake kwanza. Bi Tatu alikuwa wa kwanza kabisa, kwa hiyo sauti yake ndiyo iliyofunikwa. Akaniuliza nani amwambie mzee. Nikasema nitamwambia mimi, lakini siku zikapita na sikumwambia, nikitumaini fundi amekosea.

Hatimaye likafunguliwa faili ambalo Deo alisema ndilo la mwisho. Alikuwa mwanamume, anahesabu kwa Kikwere, labda alikuwa anajaribu kinasa sauti. Likaisha. Mzee Nassoro akauliza, "Hakuna lingine?"

"Hakuna, baba."

Akavua miwani. "Ulikuwa unajua?"

"Deo aliniambia. Nilishindwa kukwambia."

Nilingoja anikaripie, na hapo angekuwa na haki. Akasema, "Mimi sauti yake ninayo. Nikifumba macho ananiambia nimechelewa. Nilikuwa naitaka kwa ajili ya wajukuu." Akafuta miwani kwa ncha ya kanzu, akaivaa. "Hebu ulete ule ukurasa. Wale watu walioutengeneza wanapatikana?"

Nikamwambia wanapatikana, kwenye intaneti kuna mahali pa kuwaandikia. Akasema, tuandike.

Barua niliyoiandika mimi kwanza ilikuwa ndefu. Niliwaeleza habari za chama chetu, za wazee, za Bi Tatu, nikawaambia wametukosea na hawajali watu wa nchi kama zetu. Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza kulia?"

"Nimemaliza."

"Hiyo iweke, ni ya kwako. Sasa tuandike ya msomaji. Mahakamani, ukimwambia hakimu kwamba tafsiri hii ina kasoro, atakuuliza jambo moja: iliyo sawa ni ipi? Kama huna, keti chini."

Tukaanza kuitafuta iliyo sawa. Usidhani ni jambo jepesi. Ukiweka maneno mengi, mtu anaruka. Ukiweka machache, unarudi kule kule. Kila tukifika mahali tunaona imekaa vizuri, mzee ananiambia nikamsomee mama yangu kwa Kiswahili, mama ambaye kompyuta hajawahi kuigusa, nimwulize nini kitatokea. Mara ya kwanza mama alisema, "Itakagua." Tukairudia. Mara nyingine alisema, "Sijui, imenichanganya." Tukairudia. Siku moja nikamsomea hii: kabla ya kuiandaa diski upya na kufuta vilivyomo, ikague kama ina sehemu mbovu, herufi hii haizuii kamwe kufutwa, ukitaka kukagua peke yake, tumia programu nyingine iliyo ya kukagua tu. Mama alikuwa anakuna nazi. Akasema bila kuinua kichwa, "Basi hiyo sitaiandika, vitu vyangu vitapotea."

Nilikimbia mpaka kwa Mzee Nassoro kumwambia.

Tukaituma. Jibu likaja, la mtu mmoja kati ya wanaoitunza programu ile, kwa adabu, kwamba ukurasa hauna tatizo: jina la programu linasema yenyewe kwamba inaandaa diski, na anayeitumia anapaswa kujua. Nikaanza kumwandikia maneno makali. Mzee akanizuia.

"Ana haki," akasema. "Kwake liko wazi. Amelijua siku nyingi, hawezi tena kutolijua. Usibishane naye. Mwombe ampe ukurasa mtu asiyeijua programu, amwonyeshe mistari hii miwili tu, amwulize kama tulivyomwuliza mama yako."

Tukamwandikia hivyo, na kimya kikawa kirefu. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa ndipo likaja jibu fupi. Alisema amemwonyesha mwenzake mpya kazini, naye ameelewa kama nilivyoelewa mimi. Alisema anasikitika kwa yaliyotupata. Na sentensi imebadilishwa.

Niliichapisha kwenye karatasi nikampelekea mzee barazani kwake. Akaisoma taratibu, akailinganisha na ya kwetu. "Wameondoa neno moja," akasema.

"Lipi?"

"Kamwe." Akafikiri. "Wamefanya vizuri. Lile lilikuwa la hasira."

Basi nami nikaendelea na kazi ile miaka mingi, na diski ikawa mbili, kisha tatu, na moja ilikaa nyumbani kwa Bwana Abeid. Mzee Nassoro alituacha baadaye. Yeye tulimrekodi vizuri, na nakala zake zipo.

Sasa unakwenda kuanza kazi, mwanangu, na ndiyo sababu nimekuweka hapa muda wote huu na chai imepoa. Utakutana na maandishi mengi yatakayokupoteza: mwongozo wa mashine, kibandiko kwenye chupa ya dawa, tangazo ofisini. Siku likikupata jambo, usikimbilie kusema wewe ni mjinga. Watu watakupenda kwa hilo, maana unawarahisishia, lakini si kweli na halimfai yeyote. Wala usikimbilie kusema wewe huna lako kabisa. Keti, ulipime. Lililo lako libebe na ulirekebishe. Lililo la sentensi, irudie sentensi. Uwapelekee wenyewe iliyo sawa, bila matusi, na wakikukatalia, waulize tena kwa namna nyingine. Na utakapokuwa wewe ndiye unayeandika, utakuwa umekwisha kujua mambo mengi, na hapo ndipo utakapokuwa hatari. Mtafute mtu asiyejua, umsomee, usimsaidie kwa macho wala kwa sauti, umwache akwambie alichoelewa.

Nikuambie na hili, kwa sababu mimi lilinichukua muda kulikubali. Hakuna atakayekuja kukushukuru. Yule aliyetaka kubonyeza, akasoma, akarudisha kidole, hajui kwamba alikuwa karibu kupotelewa. Anaendelea na siku yake. Huko aliko, pengine sasa hivi anasikiliza sauti ya mama yake, na jina la Bi Tatu hajawahi kulisikia. Wewe ridhika na hilo.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akufungulie macho ya kusoma na moyo wa kumfikiria atakayesoma baada yako. Akukinge na lawama isiyo yako, akupe nguvu ya kuibeba iliyo yako, na mkono wako usiandike kitu kitakachomwacha mtu usiyemjua akilia mbele ya kioo kitupu. Amin.